Vidole vya Fundi Saa

Miaka ishirini na mitatu nilifungua saa za watu
katika kibanda cha vioo nyuma ya soko la Jeonju.
Skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta
niliinyanyua kwa koleo, pumzi nimeibana.
Kisha ukungu ukaanzia pembeni mwa jicho,
ukaja taratibu, kama mgeni mwenye adabu
anayebisha hodi na kusubiri,
hata siku moja skrubu ikaanguka
nami sikuona ilikoangukia,
wala meza, wala mkono ulioiangusha.

Hapa Korea kazi ya kukanda
sheria imewawekea wasioona.
Mdogo wangu Gwangseop alinisomea fomu kwa simu,
sauti yake ikilikwepa neno "kipofu"
kama mtu anayeruka dimbwi.
"Litamke tu," nikamwambia. "Fomu yenyewe imeshalitamka."

Miaka miwili.
Siku ya kwanza tuliletewa mifupa sandukuni.
Bi Bunrye, asiyeona tangu utotoni,
alitugawia pingili za mgongo kama karanga.
"Hesabuni. Mkikosea, mgonjwa atawasahihisha."
Saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno.
Moja nilikwenda nayo nyumbani, nikailalia chini ya mto.
Yangja, mke wangu, akaikuta asubuhi,
akaiosha pamoja na vijiko.

Breili nayo ilikuwa chunusi tu juu ya karatasi.

"Unanigusa kama unayeogopa nitasimama,"
Bi Bunrye akasema, amelala kifudifudi mezani.
"Mimi si saa, Bwana Pyo. Sina kifuniko.
Shuka na uzito wako wote,
kama unayeegemea mlango wa nyumba yako."

Nikaegemea.
Vidole gumba vikavimba; usiku nikavichovya
katika maji ya chumvi, nikavilaani.
Mwezi wa tano, kimoja kikazama begani mwake
kikakuta fundo, gumu kama kokwa ya kunazi.
Nikasubiri. Halikulegea.
Nikasubiri tena.
"Hapo," akasema. "Sasa umefika mtaani kwangu."

Seokho, kijana wa miaka kumi na tisa,
aliyetaka kuwa mpiga fidla,
aliuliza siku moja tukikunja mataulo:
"Mbona sisi tuna mlango huu mmoja,
na wenye macho wana mia?"
Tukaendelea kukunja.
Bi Bunrye alizima redio, kana kwamba angejibu,
kisha akaiwasha.
Wiki iliyofuata kitanda cha Seokho kilikuwa kitupu.
Taulo lake nililikunja mimi.

Leseni ilitoka Februari, theluji bado barazani.
"Picha yako imetoka vizuri," karani akasema.
Nikaipapasa kadi mbele na nyuma:
laini kama kioo cha saa, haina nundu hata moja.
Leseni ya asiyeona, asiyoweza kuisoma.
Nikacheka. Karani akadhani nimefurahi.
Na kweli nilikuwa nimefurahi.

Mteja wangu wa kwanza aliingia na mvua viatuni.
Akavua koti, akavua saa,
akaiweka kwenye kisahani cha bati,
nami nikaisikia: mlio wenye kigugumizi,
ikisita kidogo kabla ya kila pigo la nne.
Kamani ile niliibadilisha mwenyewe,
mwaka ule soko lilipofurika maji.

Sikusema kitu. Nikasugua viganja vikapata moto,
nikaanzia pingili ya saba, ile inayochomoza.
Haraka ya njiani ilikuwa bado mabegani mwake.
Nikaegemea mlango, taratibu,
mpaka mtu wa ndani akafungua.

Alipokuwa akivaa nikamwambia,
"Saa yako inachelewa."
"Najua," akasema. "Fundi wake alifunga duka."

Nikampapasia koti, nikampa.